Noti Moja ya Mwoka Mikate

Haukiranta, 1911

Machi 12
Theluji bado. Mikate myeusi ya nafaka ya rai imetoka vizuri, ya ngano imenuna. Jioni tulikuwa na mazoezi kwenye nyumba ya zimamoto. Nestori kinyozi, anayepiga baritoni, amesema mbele ya wote kwamba siku hizi kifua changu kinalia kama mlango wa zizi. Nimemwambia aangalie wembe wake, kifua changu akiachie wenyewe. Wakacheka, nami nikacheka nao, lakini imeniuma.

Machi 15
Kikohozi. Loviisa amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa, akaniangalia mpaka nikamaliza kukohoa. Mke wangu akinyamaza ndipo ninapoogopa.

Machi 19
Verneri Haapsaari amerudi mjini. Amefika kwa sleji ya farasi kutoka stesheni, koti lina kola ya manyoya, na sanduku lake amelikumbatia kifuani kama mama aliyebeba mtoto mgonjwa. Huyu ni mtoto wa fundi viatu aliyepanga chumba nyuma ya tanuri langu. Leo valsi yake, ile ya dansi, inapigwa kwenye kila mkahawa, kuanzia Helsinki mpaka Petersburg, na ule wimbo wake wa kwaya kuhusu kizingiti cha nyumba, hakuna harusi inayopita bila watu kuuimba na kulia.

Lakini mimi simfonia yake, ule muziki mrefu wa okestra kubwa, nimewahi kuisikia. Mwaka ule nilipokwenda Helsinki kununua mashine ya kukandia, nililipa kiti nikakaa kati ya mabibi wenye vipepeo vya mkononi. Sikuambulia kitu. Inaanza, inasita, inakwenda upande, inanyamaza unapotaka iseme. Nilitoka na hasira kama mtu aliyeuziwa samaki mbovu. Watu walisimama wakapiga makofi, nikasema moyoni, debe tupu haliachi kuvuma.

Machi 26
Leo huyo bwana amekuja kwenye mazoezi yetu. Amekaa nyuma, karibu na pampu ya maji, miguu kwenye ndoo iliyopinduliwa. Tiihonen, fundi bati, ambaye ni mkuu wetu wa zimamoto na ndiye anayeongoza bendi, alitokwa jasho kama yuko mbele ya gavana.

Tulipomaliza, Verneri akasimama. "Nataka kuwaandikia kazi. Nyinyi saba tu. Kwa ajili ya sherehe ya nyimbo ya Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi."

Tiihonen akauliza, "Ya kupigia gwaride, Bwana Haapsaari?"

"Hapana. Itahusu ziwa linapofunguka, barafu ikipasuka."

"Ilimradi mwisho uwe mrefu," akasema Nestori, na wote tukacheka, isipokuwa mgeni.

Hakuelewa, maana aliondoka hapa akiwa mdogo. Bendi za shaba za pande hizi zina desturi yao. Kwenye sherehe, noti ya mwisho ni ya mtu wa besi, tarumbeta kubwa kuliko zote kama hii yangu, naye huishikilia mpaka macho yamtoke. Bendi ambayo besi yake imekata mapema huibeba besi ya washindi begani mpaka stesheni, mbele ya wanawake na watoto wote. Miaka mingi watu wa Pajulahti, mji wa jirani, wamebeba besi yangu. Mwaka jana Aapeli Suhonen, mchinjaji wao, mwenye kifua cha fahali, alikaribia sana kunishinda. Mwaka huu mji mzima unanitazama mimi.

Aprili 2
Daktari. Anasema ni unga. Miaka yote hii nimeuvuta puani na sasa umekaa kifuani kama mpangaji asiyetaka kuhama. Amesema niache tanuri au niache tarumbeta. Nimemuuliza, je, akila mkate wangu asubuhi, anadhani umeokwa na besi? Hakucheka.

Nimemwambia Loviisa. Nimemkataza asimwambie mtu yeyote.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," amesema.

"Mpaka Juhannus tu, mama."

"Na baada ya Juhannus utaniambia mpaka Krismasi."

Aprili 16
Pasaka. Tanuri halikupumzika, wala mimi.

Aprili 20
Karatasi zimegawiwa. Wenzangu wote wamepewa kurasa zimejaa noti kama wali na njegere. Nimefungua yangu. Nyeupe. Ukurasa wa kwanza kimya, wa pili kimya, wa tatu kimya. Mwishoni kabisa, chini ya mistari, noti moja. Moja! Juu yake ile alama ya nusu duara yenye nukta katikati, inayofanana na jicho. Kila mpiga shaba anaijua maana yake: shikilia mpaka mwongozaji ashushe mkono.

Nestori amechungulia begani kwangu. "Taavetti, mwenzangu, umepewa kazi ya mlinzi wa usiku! Lala, tutakuamsha."

Nimerudi nyumbani nikapiga donge la unga mpaka Loviisa akaja kuuliza nani kaniudhi. Mtoto wa fundi viatu! Alikuwa akija kwangu na pua inatiririka kuomba mkate wa jana. Leo ananifanya kichekesho mbele ya mji.

Aprili 23
Sijui nianzie wapi. Nitaandika kama ilivyotokea.

Nilikaa na besi mapajani, nimenuna. Wenzangu wakaanza. Mwanzoni niliona upuuzi ule ule wa Helsinki: kornet, tarumbeta yetu ndogo, inasema neno moja na kunyamaza, tarumbeta ya alto inajibu kwa mbali, halafu hakuna kitu. Tiihonen alikuwa anahesabu mapigo kwa midomo, amekunja uso. Nikasema, haya, simfonia imetufuata mpaka kwenye nyumba ya zimamoto.

Halafu kwa sababu sina cha kupiga, nikawa sina budi kusikiliza. Maisha yangu yote nimekaa ndani ya muziki nikiuchukua mgongoni, pum-pum, pum-pum, kama punda wa kinu. Sijawahi kuusikia kutoka nje. Leo niliusikia. Zile sauti zinazosita si kusita. Ni barafu. Ni ule mlio wa Machi, unapovuka ziwa kwa miguu na chini yako kitu kinapasuka mbali sana, upande wa kisiwa, na mlio unakujia chini ya nyayo, unapita, unaondoka. Kila mtu wa hapa ameusikia na hakuna aliyewahi kuusema. Huyu mtoto ameusema kwa tarumbeta sita za wazima moto.

Nywele zilinisimama. Nilitaka kumshika mtu mkono. Niliposhtuka, Tiihonen alikuwa ananiangalia kwa ukali: mahali pangu pamefika. Wenzangu walikuwa wanaacha mmoja mmoja, kornet, alto, tenori, kila mmoja anaweka chombo chake magotini. Nikaingia chini yao, polepole, noti ile ya chini kabisa, na nikahisi sakafu ya mbao inaamka. Wakabaki wawili, akabaki Nestori, kisha nikabaki mimi peke yangu.

Na pumzi ikanikatika. Tiihonen mkono bado juu, na mimi nimekwisha, ninakohoa ndani ya shaba.

"Kiu tu," nilisema.

Verneri, kule nyuma karibu na pampu, aliangalia chini. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Aprili 24
Nimeoka huku nasikia barafu ndani ya tanuri. Nimeunguza trei nzima ya maandazi ya iliki. Loviisa amekasirika, nami nilitaka kumweleza nikashindwa.

Aprili 30
Nafanya mazoezi ya pumzi kando ya ghala. Navuta, nashikilia, naachia. Jirani ameuliza kama nimeanza dini mpya.

Mei 7
Mazoezi mazuri. Noti imekwenda mpaka Tiihonen aliposhusha mkono. Sijui nguvu zimetoka wapi. Tiihonen amenipiga bega: "Aapeli atalia machozi ya ng'ombe!" Nimerudi nyumbani nakaribia kuimba.

Mei 13
Ziwa limefunguka. Mchana upepo wa kusini ukavuma na barafu, iliyokuwa nyeusi tangu juzi, ikaanza kusogea yote kwa pamoja, mji mzima ukakimbilia ufukweni, hata mchungaji na kanzu yake. Hatusemi kitu siku hiyo. Tunasimama tu.

Nilimwona Verneri peke yake kwenye gati la kufulia nguo, bila kofia. Nikaenda nikasimama naye. Vipande vilikuwa vinasagana na kulia kama kengele ndogo ndogo nyingi. Nilisubiri aseme jambo kubwa, mtu aliyeandika yale. Akasema, "Mzee Taavetti, naogopa. Sijui kama sauti hii nimeipata."

"Umeipata," nikamwambia.

Akageuka akaniangalia kama mtoto aliyepewa mkate wa moto. Mimi nilikuwa nadhani watu kama yeye wanajua. Kumbe naye anapapasa gizani kama sisi wote, ila anachokigusa yeye ni kikubwa kuliko tanuri langu na nyumba ya zimamoto na kanisa juu yake.

Mei 14
Kikohozi chenye damu kidogo kwenye kitambaa. Nimekifua mwenyewe.

Mei 21
Mazoezi. Noti nzuri tena. Mwisho mrefu, laini. Wenzangu wamepiga makofi.

Mei 27
Jumamosi, sauna. Verneri amekuja kwetu, maana sauna ya mwenye nyumba wake inavuja moshi. Tulikaa uchi juu ya benchi, mimi na tumbo langu, yeye na mbavu zake. Mle ndani hakuna mtunzi wala mwoka mikate. Alimwaga maji juu ya mawe, mvuke ukapanda.

Kisha akasema, "Mzee, noti yako imebadilika."

"Imekuwa ndefu," nilisema kwa fahari.

"Imekuwa nzuri, na imekufa. Ile siku ya kwanza ilikuwa inatetemeka. Nilijiinamia kule kwenye pampu nikalia. Sasa imenyooka kama ubao." Akajifuta uso. "Na nasikia watu wawili ndani yake."

Sikuelewa. Halafu nikaelewa, na joto lote la sauna likanitoka mwilini.

Mei 28
Sikungoja Jumatatu. Baada ya ibada nimekwenda kwa Nestori, nimemkuta jikoni anakula viazi.

"Unanipigia noti yangu?"

Ameweka uma. Hata hakukana. "Kidogo. Chini chini. Unapokaribia kuishiwa, naingia chini yako."

"Nani kakutuma?"

"Nakunyoa kila wiki, Taavetti. Naishika shingo yako kwa mkono wangu huu. Unadhani sijui mishipa inavyohangaika mle ndani? Nimejua tangu msimu wa baridi."

"Na ukanicheka mbele ya watu! Mlango wa zizi!"

"Nilitaka ukasirike uende kwa daktari, mpumbavu we!" Alisimama, kiti kikaanguka. "Ulitaka nikuache uzame mbele ya Aapeli Suhonen? Mbele ya mji? Haya, nenda ukazame!"

Nimeondoka bila kuaga. Miaka yote hii nilidhani anataka kuniaibisha, kumbe ndiye aliyekuwa ananishika nisianguke. Nina hasira naye, na nina aibu, na sijui ipi ni kubwa.

Mei 29
Mvua. Mikate tu.

Juni 4
Leo kabla ya mazoezi nimemfuata Verneri, nikamwambia ukweli wote: unga, damu, daktari, Nestori. Nikamwambia ampe Nestori noti ile, ana mapafu ya kijana, tutamshinda Aapeli na kazi yake itatoka safi.

"Kumshinda nani?" akauliza.

Ikabidi nimweleze desturi yetu, ya kubeba besi mpaka stesheni. Alinisikiliza mdomo wazi, halafu akacheka mpaka akashika ukuta. Mara ya kwanza namwona anacheka.

"Mzee Taavetti, leta karatasi yako." Akaweka kidole juu ya alama ile. "Niliandika muda hapa? Sikuandika. Nimeweka jicho tu. Jicho linafumba lenyewe. Nilitaka kazi hii iishe pale mtu anapoishia. Si pale mkono wa Tiihonen unapochoka."

"Hata ikiwa fupi?"

"Urefu wake ni wewe."

Nilisimama pale na karatasi mkononi. Ninasema wazi, nilitaka kupiga magoti, mimi mtu mzima, mwanakanisa. Nilikuwa nikiona ukurasa mweupe ule kama tusi. Kumbe wote ule, kimya chote kile, ulikuwa unanisubiri mimi na pumzi yangu iliyobaki.

Juni 5
Rahisi kusema. Nikipiga peke yangu, tutashindwa, na mji hautaelewa. Nestori akinisaidia, tutashinda, na nitakuwa nimedanganya mbele ya kitu kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuvigusa. Loviisa ananiuliza mbona sili.

Juni 11
Nimewaambia. Nimesimama mbele ya bendi nikasema kifua changu kimekwisha, Juhannus nitapiga noti yangu peke yangu, fupi kama itakavyokuwa, na baada ya hapo besi ni ya mwingine.

Tiihonen amegeuka rangi ya bati lake. "Fupi? Taavetti, tutaibeba besi ya Pajulahti mbele ya mke wangu! Mbele ya mama mkwe!"

"Tutaibeba."

"Desturi hii baba zetu..."

"Tiihonen," alisema Nestori kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, "umesikiliza hii kazi, au umehesabu tu?"

Tiihonen aliangalia kofia yake ya shaba ukutani. "Nimeisikiliza," alisema mwishowe. "Kila siku nikitoka hapa sitaki kuongea na mtu." Akainua mkono tuanze.

Nestori hakuniangalia. Nilipofika kwenye noti, baritoni yake ilikuwa magotini. Noti ilitetemeka, ikakatika.

Juni 18
Samaki wameanza kupatikana. Loviisa amepika kalakukko, mkate uliojazwa samaki, na kumpelekea Nestori mmoja mzima, bado moto, umefungwa kwa taulo. Sikumtuma.

Juni 23
Kuni za moto wa Juhannus zimerundikwa ufukweni, mashua kuukuu na mapipa ya lami. Watu wa Pajulahti wamefika kwa meli. Aapeli amenipigia kelele kutoka kwenye daraja la meli: "Mzee, umepaka mafuta bega?" Nimemjibu bega langu ni la mikate, litaweza na shaba.

Juni 24
Naandika jua bado liko juu ya maji ingawa ni saa ya kulala.

Uwanja wa kanisa ulijaa mpaka barabarani. Pajulahti walipiga gwaride na mwisho wake Aapeli akashikilia. Akashikilia! Uso ukawa mwekundu, ukawa wa zambarau, wanawake wakaanza kupiga kelele, kofia zikarushwa juu. Alipoacha, uwanja ulinguruma. Ni mwanamume yule. Hata mimi nilipiga makofi.

Kisha sisi. Verneri aliongoza mwenyewe, bila kijiti, kwa mikono mitupu. Mwanzoni watu walikuwa bado wanaongea. Kornet ikasema neno lake, ikanyamaza. Nikaona mzee mmoja mvuvi, mbele kabisa, anainua kichwa ghafla na kutazama ziwa, kama mtu aliyesikia barafu mwezi Juni. Halafu wa pembeni yake. Halafu ilikwenda uwanja mzima, safu kwa safu, wanageuka kutazama maji, hata watoto. Sijawahi kuona watu wengi kiasi kile wakinyamaza bila kuambiwa. Nilikaa na mikono juu ya shaba baridi na nikamshukuru Mungu kwa kurasa zangu nyeupe, maana kama ningekuwa na noti za kupiga, nisingeliona jambo lile.

Wenzangu wakaanza kuacha. Verneri aliniangalia, nikaingia. Nestori alikuwa wa mwisho kuniacha. Alishusha baritoni polepole sana, na machozi yalikuwa yanamtiririka hadharani, kinyozi yule mwenye ulimi wa kisu.

Nikabaki. Sikusukuma. Niliachia tu kilichokuwapo. Kilikuwa kidogo. Nilihisi kila chembe ya unga wa miaka yote ile imekaa pale, na pumzi inapita katikati yake kama maji kwenye mawe. Ilitetemeka, nikaiacha itetemeke. Ikawa nyembamba. Ikaniondoka.

Verneri hakushusha mkono. Na hakuna aliyepiga makofi. Nilishusha besi magotini, nikajifuta macho, na mahali pale pote bado palikuwa pamejaa, sijui niseme pamejaa nini. Mimi nilikuwa nimekwisha na kile kitu kilikuwa kinaendelea. Nilisikia maji, majani ya miti ya mbetula, mtoto mmoja akipumua.

Kisha mkono ukashuka, na watu hawakunguruma. Wanaume walivua kofia, kama kanisani.

Desturi ni desturi. Nilisimama nikasema kwa sauti, "Pajulahti wameshinda," na tukaibeba besi ya Aapeli mpaka stesheni, maana bendi yao ilikuwa irudi kwa treni. Hakuna aliyecheka barabarani. Aapeli alitembea kando yangu, na tulipofika nusu ya njia aliingiza bega lake chini ya shaba yake mwenyewe, akaniondoa.

"Acha hiyo, mzee." Tukaenda hatua kadhaa. "Niambie ukweli. Uliishia wapi? Nilikuwa nahesabu ili nikucheke, nikapotea."

"Sijui," nilimwambia, na ni kweli.

Nimerudi nyumbani. Besi imebaki kwa Nestori. Loviisa alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyuma, viatu amevua. Nikakaa naye. Nilitaka kumuuliza kama ilikuwa fupi mno, kama alinionea aibu mbele ya watu.

Akanishika mkono. "Mimi sikujua umemaliza," amesema. "Nilijua tu nilipokuona unajifuta macho."